Jiwe la Kufulia: Kwa Madalali Wapya, Kutoka kwa Mwanafunzi wa Afande

Wiki iliyopita vijana wawili wa ofisini kwetu walipokea malipo ya awali ya kiwanja ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukikanyaga. Walikuwa na picha zake kwenye simu, nakala ya offa, yaani barua ya kumilikishwa kiwanja, na barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri uliokolea wino. Nilipowauliza bikoni, yale mawe ya mipaka ya kiwanja, ziko wapi, mmoja alinionyesha katika picha kitu cheupe, nami nilipokikuza nikaona kuwa ni jiwe la kufulia. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu ukutani, juu ya meza ambayo fedha zile zilihesabiwa, imetundikwa picha ya Afande akiwa amevaa koti lake la kijivu na medali ya vita vya Kagera kifuani.

Ninyi mlioingia kazini baada ya kifo chake mnamjua kama picha tu, na huenda hilo ni kosa letu sisi wakubwa. Afande alikuwa na umri wa miaka 22 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakalikalia eneo la kaskazini ya Mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Alikuwa katika kikosi cha mizinga, na kazi yake ilikuwa kusoma ramani na kupima, ili wapigaji wajue mahali hasa pa kulenga. Alikwenda na jeshi kupitia Masaka hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Alipostaafu katika miaka ya 1990 alianza udalali chini ya mwembe, akiwa na daftari, kalamu mbili na jozi moja ya viatu vya jeshi ambavyo alivishonesha upya kila vilipotoboka. Medali aliivaa mara moja kwa mwaka, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, na alipopata nauli alikwenda Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya wenzake. Katika kazi ambayo watu hulitamka jina lake kwa mashaka, yeye aliitwa kushuhudia mauziano hata ya viwanja ambavyo hakuvidalalia, kwa sababu mnunuzi alijisikia salama akimwona amekaa pale na daftari lake.

Mambo ninayowaandikia hapa ni yake. Mimi nimeyapata kwa kuyavunja, hasa la pili.

La kwanza: nendeni wenyewe, mara mbili, na mara moja kati ya hizo iwe masika. Afande alikuwa akitoka alfajiri mvua ikinyesha, akasimama katikati ya kiwanja, akatazama maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Mteja mmoja aliwahi kukasirika kwa kukataliwa kiwanja kizuri, cha bei nafuu, karibu na Mto Msimbazi. Afande alimweleza kwa upole kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na mteja akaenda kwa dalali mwingine. Desemba 2015, bomoabomoa ilipopita bondeni na kuta zikapigwa alama ya X nyekundu, nyumba ya yule mteja ilikuwa miongoni mwa hizo. Afande hakulisema jambo hilo hadharani hata siku moja. Alimtafuta, akamsaidia kupata chumba cha kupanga, akakataa malipo ya udalali.

La pili ni mirathi, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa sijawahi kulisimulia lote.

Ilikuwa mwaka 2011, mwaka wangu wa tatu katika kazi hii. Nilikuwa na mteja, mwalimu mstaafu, ambaye kiinua mgongo chake kilikuwa kimetoka na alitaka kukigeuza kuwa nyumba kabla hakijaliwa na mahitaji ya watu. Nilimpatia kiwanja Madale. Muuzaji alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mwenye kiwanja, mtu mpole, msemaji mzuri, ambaye alinikabidhi offa yenye jina la baba yake, cheti cha kifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo uliomtaja yeye kuwa msimamizi wa mirathi, wenye saini za watu sita. Bei ilikuwa shilingi milioni 18. Udalali wangu ulikuwa asilimia 10, yaani milioni 1.8, na nilikuwa nimekwisha kuigawa akilini: kodi ya nyumba, ada ya mdogo wangu, na pikipiki.

Alhamisi jioni nilimpelekea Afande karatasi zile. Alizisoma zote, akazirudia, kisha akaniuliza swali moja: je, mahakama imemteua? Nikamjibu kwamba ukoo wote umesaini. Akasema ukoo unapendekeza na mahakama ndiyo inayoteua, basi tusubiri Jumatatu twende pamoja tukaulize kama shauri la mirathi limefunguliwa. Nilikubali. Ijumaa muuzaji akanipigia simu kuniambia kwamba mnunuzi mwingine anakuja Jumamosi mchana na fedha taslimu. Ninyi nyote mmekwisha kuisikia simu hiyo, na wengine wenu mmeipokea wiki hii. Jumamosi asubuhi nilimpeleka Mwalimu, mkataba wa mauziano ukasainiwa, mwenyekiti wa mtaa akapiga muhuri, fedha zikahesabiwa. Jumatatu sikumtazama Afande usoni. Nilimwambia mteja amebanwa na safari. Uongo huo ulikuwa mdogo kuliko kosa lenyewe, lakini ndio ninaoukumbuka zaidi usiku.

Miezi minne baadaye msingi ulikuwa umeinuka na nondo za nguzo zilikuwa zimesimama, ndipo akaja mama mmoja na watoto wawili. Alikuwa mke wa pili wa marehemu, naye alikuwa na amri ya zuio kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shauri la mirathi halikuwa limefunguliwa mahakama yoyote. Kati ya saini sita za ukoo, mbili ziliandikwa kwa niaba ya watu ambao hawakuwepo kikaoni wala hawakujua kwamba kulikuwa na kikao. Muuzaji alikuwa amekwisha kununua gari la mizigo, na gari lilikuwa gereji.

Nilikwenda kwa Afande nikiwa nimejiandaa kufukuzwa, au angalau kuambiwa kwamba alinionya. Hakuniambia hivyo. Aliniuliza kama nimekula, kisha akafungua daftari kwenye ukurasa mpya na kunitaka nitaje kila mtu ambaye ningeweza kumwuliza kabla ya ile Jumamosi. Nilidhani watakuwa watatu. Tulipomaliza walikuwa 11: majirani wa pande zote, mjumbe wa zamani, karani wa mahakama, fundi aliyechimba kisima cha marehemu, imamu aliyemzika, mama muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara, na wengine. Akaichana karatasi, akanipa, na kuniagiza niende kwao wote, mmoja mmoja, nikaulize maswali ambayo nilipaswa kuyauliza. Nilimwambia kwamba nimekwisha kuchelewa. Alijibu kwamba anajua.

Nilitumia siku tatu. Nilipomfikia mtu wa nne nilikuwa nimeshajua kila kitu: mke wa pili, watoto, ugomvi wa siku ya arobaini, na kwamba kijana yule aliwahi kujaribu kukiuza kiwanja hichohicho mwaka uliotangulia. Nilitaka kuishia hapo, lakini karatasi ilikuwa na majina 11, nikaendelea. Mama muuza mkaa alikuwa wa tisa. Alinisikiliza huku akijaza makopo, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikuona ukipita hapa mara tatu na yule mzee wako. Mara zote tatu nilikuwa nimekaa hapahapa. Hukunisalimu."

Kisha Afande akafunga kamba za viatu vyake, tukaenda nyumbani kwa Mwalimu. Tulipofika hakusema neno, aliniacha nieleze mwenyewe, pamoja na habari ya Jumatatu na ule uongo wa safari. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti. Aliuliza tu kama zile nondo zilizokwisha kufungwa zinaweza kufunguliwa zikauzwa, na kama ni lazima aende barazani yeye mwenyewe, kwa kuwa mkewe alikuwa mgonjwa na hakutaka ajue mapema. Mpaka leo siwezi kupita mahali wanapofunga nondo bila kukumbuka jinsi alivyoitamka "mapema".

Milioni 1.8 niliirudisha kwa miezi tisa. Shauri lilichukua zaidi ya miaka miwili, na Mwalimu akapata sehemu tu ya fedha zake, kwa mafungu, kutoka kwa mtu ambaye hakuwa na kitu kingine cha kukamatwa. Afande alimtafutia kiwanja kidogo upande wa Kibaha, akakikagua yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, na hakuchukua senti. Sikuambiwa nifanye lolote. Nilibeba mkoba wake tu. Kwa hiyo, wadogo zangu, mnaponionyesha muhtasari wa kikao cha ukoo na kuniambia kwamba umekamilika, msishangae nikiacha chai yangu na kuwataka tuongozane mahakamani siku hiyohiyo. Dai barua ya uteuzi iliyotolewa na mahakama, kisha nenda mahakamani ukahakikishe kwamba imetoka pale.

La tatu ni fupi. Mnakumbuka kwamba Novemba 1978 Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kuwa uwezo wa kumpiga Amin upo, sababu ipo na nia ipo. Afande aliyageuza maneno hayo matatu kuwa kipimo cha wateja, na ndiyo sababu hakuzungushwa na watu wa kuangalia tu. Mwenye sababu na nia bila uwezo alimshauri aanze na kuweka akiba, akamwandika daftarini, na baada ya mwaka akampigia. Mwenye uwezo na nia bila sababu inayoeleweka alimwogopa. Kwa uzoefu wake, anayelipa haraka bila kuuliza chochote mara nyingi ana jambo ambalo hataki kuulizwa. Mwenye uwezo na sababu bila nia alimwachia apumzike, wala hakumsumbua kwa simu tatu kwa siku kama mnavyofanya ninyi. Tafadhali, simu moja kwa wiki inatosha.

Mengine mnayajua, ila hamyafanyi. Fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya mkataba, si baada yake. Ulizeni idhini ya mwenzi wa ndoa hata muuzaji akiapa kwamba ni mseja. Hati isomeni mpaka mwisho, mjue ni ya miaka 33, 66 au 99, imebaki mingapi, na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Fedha za mauziano zisipite katika akaunti yenu hata kwa saa moja. Raia wa kigeni akitaka kiwanja, mwambieni siku ya kwanza kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu kukimiliki isipokuwa kwa uwekezaji, na kwa utaratibu wake. Msimwache azoee kukiita chake.

Jambo moja zaidi kuhusu Afande, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi kama alikuwa mkali. Hakuwa mkali, alikuwa mpole mno kwa watu na mgumu mno kwa karatasi. Siku tulipomzika, mshereheshaji aliwakaribisha waliotaka kusema neno, nami nilitarajia wangesimama watu aliowauzia. Walisimama wachache wa namna hiyo. Wengi walikuwa wale aliowazuia kununua: mama aliyetaka kiwanja chenye hati mbili, ndugu wawili waliotaka shamba la kijiji bila ridhaa ya kijiji, na kijana ambaye alimtukana Afande mbele ya watu kwa kumkosesha nafasi, kisha akarudi baada ya mwezi kumwomba radhi. Mwalimu alikuja kwa mkongojo kutoka Kibaha. Hakusema neno mbele ya watu. Baada ya mazishi alinishika mkono, akaniuliza kama bado ninalo lile daftari. Ninalo. Lipo kwenye droo ya juu, na halina kufuli.

Kuhusu kile kiwanja cha wiki iliyopita: malipo ya awali yamerudishwa kwa mteja Ijumaa, yote, kwa maandishi, naye ameelezwa kwa nini. Sijakasirika nanyi kiasi mnachofikiri. Kesho saa 12 asubuhi nitawasubiri stendi, mje na viatu vya kufunga, daftari na kalamu mbili, na simu zibaki mfukoni. Andikeni majina 11 kabla hatujaondoka. La kwanza muwe mmelijua tayari: jiwe la kufulia lililolowa maji lina mtu anayefua juu yake, na mtu huyo anajua kiwanja kile ni cha nani.