Unapoanza kuchambua msimu wa timu ya chuo: mfano wa LSU 2019

Wengi wanaoingia kwenye futiboli ya Kimarekani huanza na jedwali. Kwa LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, Marekani) ya 2019 jedwali linasema ushindi 15, vipigo sifuri, pointi 726, ubingwa wa taifa, basi mtu anafunga daftari. Lakini timu hiyo hiyo ilimaliza 2018 na ushindi 10 na vipigo 3, chini ya kocha yule yule, Ed Orgeron, na kwotabeki (mrusha pasi) yule yule, Joe Burrow. Ukitaka kujua kilichobadilika, itabidi uandike mchezo jaribio kwa jaribio, kwa mkono wako.

Aliyezoea soka akumbuke jambo moja kwanza. Timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikizifikisha, inaanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo yadi hazina thamani moja. Yadi 4 katika jaribio la tatu zikihitajika 3 ni mali. Yadi 9 zikihitajika 17 ni bure, hata kama mtangazaji amepaza sauti.

Chora safu nane: robo na saa, jaribio la ngapi, yadi zinazohitajika, mpira uko yadi ya ngapi, kikosi kilichoingia, pasi au mbio, yadi zilizopatikana, na kilichotokea mwisho. Usiongeze ya tisa katika mwezi wa kwanza. Saa ya uwanjani inatoa sekunde 40 kati ya jaribio na jaribio, na kuna timu zinazokwenda haraka kuliko hapo. Safu tano za mwanzo zijaze kabla mpira haujatoka kwa mtu wa kati; ukisubiri jaribio liishe ndipo uandike zote nane, robo ya pili itakukuta unakisia. Ukipitwa, acha mstari mtupu uujaze kwenye marudio. Mstari wa kubuni unaharibu hesabu yote, na hutaukumbuka ni upi.

Safu inayowashinda wageni ni ya kikosi. Huandikwa kwa tarakimu mbili: ya kwanza ni idadi ya wakimbiaji, ya pili ni ya mataitiendi, yaani wale wanaosimama ubavuni mwa ukuta, leo wakizuia, kesho wakipokea pasi. Ukuta wa mbele, yaani wazuiaji, una watu 5, kwotabeki ni 1, wanaobaki ni wapokeaji. Basi 11 ni mkimbiaji mmoja, taitiendi mmoja, wapokeaji watatu. 12 ni mkimbiaji mmoja, mataitiendi wawili, wapokeaji wawili. Namba hiyo inataja nani ameingia. Haisemi amesimama wapi. Ukichanganya hayo mawili hutaielewa kabisa LSU ya mwaka ule.

Walikuwa wanaingia na 11, kikosi cha kawaida kabisa. Halafu mkimbiaji, Clyde Edwards-Helaire, anaondoka nyuma na kwenda kusimama pembeni kama mpokeaji. Burrow anabaki peke yake, watu watano wamesambaa uwanja mzima. Wapinzani wameshachagua watu wao kwa kuhesabu walioingia, na sasa mlinzi mzito aliyeletwa kuzuia mbio anajikuta uwanja wazi na mtu mwepesi. Edwards-Helaire alidaka pasi 55 msimu huo, na bado alikimbia yadi 1,414. Mpango huo ulinolewa na Joe Brady, aliyeletwa kutoka timu ya kulipwa ya New Orleans Saints kusimamia pasi, akifanya kazi na Steve Ensminger, mratibu wa mashambulizi.

Kila kitu kina gharama yake. Ukitawanya watu watano, unabaki na wazuiaji watano tu. Wapinzani wakituma wa sita, huyo hana wa kumzuia, na kwotabeki lazima aachie mpira kabla hajafikiwa au ajue pa kukanyaga. Ndiyo maana usiwasifu wapokeaji ukausahau ukuta: ukuta wa LSU ndio uliopewa tuzo ya Joe Moore mwaka huo, tuzo ya ukuta bora wa nchi nzima.

Tazama mstari mmoja wa daftari. Austin, 7 Septemba 2019, LSU inaongoza Texas 37–31, robo ya nne, zimebaki kama dakika mbili na nusu. Jaribio la 3, yadi 17, mpira uko yadi ya 39 ya LSU. Timu nyingi hapo zingekimbia ili saa iendelee, kisha zikabutua mpira. LSU wakapiga pasi. Texas wakatuma watu wa ziada. Burrow akapenya mbele badala ya kurudi nyuma, akamwona Justin Jefferson, na Jefferson akadaka akiwa kwenye mbio na hakusimama hadi mwisho. Mstari unasomeka: 3, 17, LSU 39, pasi, +61, tachidauni (mpira umefika eneo la mwisho la wapinzani). Texas walifunga tena baadaye, mchezo ukaisha 45–38, kwa hiyo ungeondoa mstari huo mmoja mambo yangekuwa mengine kabisa.

Ukishajaza daftari, weka alama kwenye kila jaribio lililofaulu. Kipimo kinachotumika sana kwa vyuo ni hiki: jaribio la kwanza lipate angalau nusu ya yadi zinazohitajika, la pili asilimia 70, la tatu na la nne zote. Mbio ya yadi 5 jaribio la kwanza zikihitajika 10 imefaulu. Mbio ya yadi 5 jaribio la pili zikihitajika 8 haijafaulu, maana zilihitajika 5.6. Hesabu asilimia kwa robo, kisha kwa mchezo. Wastani wa yadi peke yake unadanganya, kwa sababu mbio moja ya yadi 70 inaficha majaribio kumi yaliyokufa.

Kwa kwotabeki, vyuo vina fomula yao, na inafaa uipige mwenyewe mara moja ili usiichanganye na ya NFL, ligi ya kulipwa. Zidisha yadi za pasi kwa 8.4, tachidauni kwa 330, pasi zilizofika kwa 100, jumlisha, toa pasi zilizonaswa na wapinzani mara 200, gawa kwa pasi zote zilizorushwa. Burrow 2019: yadi 5,671, tachidauni 60, zilizofika 402, zilizonaswa 6, zilizorushwa 527. Inatoka 202.0. Burrow 2018: yadi 2,894, tachidauni 16, zilizofika 219, zilizonaswa 5, zilizorushwa 379. Inatoka 133.2. Mtu mmoja, chuo kimoja. Ukiona pengo la namna hiyo, nenda ukatafute nini kimebadilika kwenye mpango wa mchezo. Usirukie kusema kijana amepata kipaji likizoni.

Kuna mitego miwili ya hesabu. Kwanza, kwenye vyuo kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari, yadi zinakatwa kwenye mbio, wakati NFL huzikata kwenye pasi za timu. Kwa hiyo timu ya chuo inaweza kuonekana haijui kukimbia kumbe shida ni ukuta kushindwa kumlinda kwotabeki. Zitoe kwanza, ndipo uhesabu wastani wa mbio. Pili, hadi 2022 saa ilikuwa inasimama kwa muda kila timu inapopata majaribio mapya. Tangu 2023 inaendelea, isipokuwa dakika 2 za mwisho za kila nusu. Majaribio kwa mchezo yamepungua, kwa hiyo ukilinganisha LSU 2019 na timu ya leo, tumia wastani kwa kila jaribio, si jumla.

Mechi zipi za kusoma? Si ile ya Oklahoma, iliyoisha 63–28. Burrow alipiga tachidauni 7 za pasi kabla ya mapumziko na ubao ukasoma 49–14. Cha baada ya hapo ukiandike lakini usikihesabu. Soma Auburn, ambayo LSU walishinda 23–20, pointi chache kuliko mchezo wao mwingine wowote msimu huo. Auburn walipunguza watu wa mbele, wakajaza walinzi nyuma ili pasi ndefu zisipite. LSU walipata yadi 508 na bado wakahangaika kufunga. Daftari lako litakuonyesha yadi nyingi katikati ya uwanja na kukwama karibu na lango. Hapo ndipo unapojifunza namna mpango huo unavyozuiwa.

Halafu soma Ole Miss, 58–37, ukiwaangalia walinzi wa LSU tu. Waliruhusu yadi 614, kwotabeki wa Ole Miss akakimbia 212 peke yake. Linganisha na mechi tatu zilizofuata: Arkansas pointi 20, Texas A&M 7, Georgia 10. Anayetazama ushindi tu hataona kwamba Novemba ile nusu ya timu ilikuwa inavuja na ikazibwa.

Mwisho wa msimu, ongeza ukurasa wa wanaoondoka. Wachezaji 14 wa LSU walichaguliwa kwenye drafti ya NFL ya 2020, ambako timu za kulipwa huchagua wachezaji wapya, watano katika raundi ya kwanza, Burrow akiwa namba 1. Brady akaenda Carolina Panthers, na Dave Aranda, aliyekuwa na ulinzi, akaenda Baylor kuwa kocha mkuu. Aliyeandika ukurasa huo hakushangaa 2020 ilipoisha 5–5, ushindi 5 na vipigo 5.