Kitabu Kizuri kwa Kazi Gani?

Watu wanaojua kwamba nasoma sana vitabu vya kitaalamu huniuliza swali moja kila mara: nitajie kitabu kizuri cha takwimu, au cha anatomia, au cha kuandika programu. Sijibu kabla sijauliza mawili matatu. Unataka kujifunza kuanzia mwanzo, au unataka cha kurejelea ukikwama? Umeshasoma nini? Utakitumia kuamua jambo linalogusa afya ya mtu? Majibu yake ndiyo yanayoamua nitamtajia kipi, kwa sababu katika vitabu vya fani ubora na upungufu mara nyingi huzaliwa tumbo moja. Mwandishi aliyechagua ufupi amekuachia mapengo. Aliyechagua kusema kila kitu atakuchosha kabla hujafika unakokwenda. Msomaji akiujua uamuzi huo mapema, ataweza kuliziba pengo kabla halijamgharimu.

Chukua kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kuhusu C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kilitoka 1978, kikapata toleo la pili 1988, na hata hilo la pili halifiki kurasa 300. Ni vitabu vichache sana vya kompyuta vilivyoandikwa kwa nidhamu ya namna hii. Mifano yake ni ya kuandikwa na kuendeshwa, na huoni sentensi iliyowekwa kujaza ukurasa. Lakini dibaji inasema wazi kwamba hiki si kitabu cha kumfundisha mtu programu kwa mara ya kwanza. Kinamtarajia msomaji anayejua tayari vigeu, mizunguko na funksheni ni nini. Wengi huiruka dibaji, wakakwama kwenye sura za mwanzo, kisha wakaamini kwamba hawana akili ya kompyuta. Jambo hili huniuma. Akili wanayo, walipewa kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Kina upungufu wa pili, nao ni mzito zaidi. Toleo la 1988 linaorodhesha funksheni iitwayo gets, inayosoma mstari wa maandishi bila kuangalia kama nafasi iliyotengwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta inatosha kuuhifadhi. Novemba ya mwaka huohuo programu iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti, inayokumbukwa kama mnyoo wa Morris, ilipenya kwenye kompyuta nyingi, na mojawapo ya njia ilizotumia ilikuwa udhaifu wa funksheni hiyo. Mwaka 2011 gets iliondolewa kabisa katika kanuni rasmi za lugha ya C. Kitabu hiki bado nakipendekeza kwa moyo wote, ila anayekisoma awe na kingine kipya pembeni kinachofundisha usalama wa kumbukumbu ya kompyuta, kwa sababu hapo Kernighan na Ritchie hawatamsaidia.

Donald Knuth alichukua njia iliyo kinyume kabisa. Alianza kuandika kitabu chake kikubwa kuhusu algorithimu, yaani hatua ambazo kompyuta hufuata kutatua tatizo, mwaka 1962, juzuu la kwanza likatoka 1968, na mpango wake ulikuwa wa majuzuu saba. Mwaka 2022 ndipo ilipotoka sehemu ya pili ya juzuu la nne. Ninachokithamini zaidi kwake ni namna anavyoshughulikia makosa: anayekuwa wa kwanza kugundua kosa kitabuni huahidiwa zawadi ya dola 2.56, na masahihisho hutangazwa kwa kila mtu kuyaona. Mazoezi yake yamepewa alama za ugumu kuanzia 0 hadi 50, na majibu ya mengi kati ya hayo yako nyuma ya kitabu. Anayejisomea bila mwalimu anajua majibu hayo yana thamani gani. Upungufu ni kwamba programu za mifano katika majuzuu ya awali zimeandikwa kwa lugha ya mashine ya kubuni iitwayo MIX, na hisabati yake ni nzito. Simshauri yeyote akisome kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ili apate kazi. Kifungue siku unapotaka kujua kwa undani kwa nini njia moja ya kupanga data inaishinda nyingine kwa kasi. Siku hiyo utakipenda.

Kuhusu picha nina msimamo mkali kidogo. Katika vitabu vya anatomia, mimea, ndege na mitambo, mchoro mzuri mara nyingi huishinda picha ya kamera. Kitabu cha anatomia cha Henry Gray, kilichochapishwa London 1858, kilipata nguvu yake kwa kiasi kikubwa kutoka kwa mchoraji, Henry Vandyke Carter, ambaye mwenyewe alikuwa daktari. Carter aliandika majina ya mishipa na misuli juu ya viungo vyenyewe ndani ya mchoro, kwa hiyo jicho halilazimiki kukimbia kutoka herufi moja hadi orodha iliyo pembeni na kurudi. Roger Tory Peterson alifanya jambo la jamaa hiyo mwaka 1934 katika mwongozo wake wa kutambua ndege wa Marekani: aliwachora ndege kwa namna ya kurahisisha, akaweka mistari midogo inayoelekeza kwenye alama inayomtenganisha ndege mmoja na anayefanana naye. Kamera hukupa ndege mmoja, kwenye mwanga wa saa ile, akiwa amegeuka alivyogeuka. Mchoraji anayejua kazi yake hukupa kile unachopaswa kukitazama.

Gharama yake ni hii: mchoro wa namna hiyo ni wa mwili wa wastani, au wa ndege wa wastani. Mshipa ambao kitabuni umepita mahali pamoja, kwa mtu uliye mbele yako unaweza kuwa umepita pengine, na tofauti za aina hiyo ni za kawaida kabisa. Kwa hiyo kwenye kitabu cha michoro mimi hutazama kwanza kama kuna maelezo ya tofauti hizo. Yasipokuwepo, kitabu kinafaa kwa kujifunzia majina na mpangilio, na kinapaswa kuandamana na picha halisi. Tena kitabu cha Gray kimekua mno tangu enzi hizo. Toleo kuu la sasa ni la wataalamu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atahudumiwa vizuri zaidi na kile chenye jina hilohilo kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi.

Sasa niingie kwenye jambo ninalolisisitiza kuliko yote, umri wa kitabu.

Kuna fani ambazo kitabu chake hakizeeki upesi. Jiometri ya Euclid, yenye vitabu 13, ina zaidi ya miaka 2,000 na bado inaweza kukufundisha maana ya kuthibitisha jambo hatua kwa hatua. Ina mapengo pia. Katika pendekezo la kwanza kabisa la kitabu cha kwanza, Euclid anachora duara mbili na kutumia nukta zinapokatana, bila kuthibitisha kwamba lazima zikatane. David Hilbert alipotoa misingi mipya ya jiometri mwaka 1899, mapengo ya aina hiyo ndiyo aliyoyaziba. Hata hivyo, anayejifunza kwa Euclid leo hatapata madhara yoyote kutokana na pengo hilo.

Tiba ni habari nyingine. Kitabu cha malezi cha Benjamin Spock kilipotoka 1946 kiliwapa wazazi kitu walichokuwa wamenyimwa: lugha nyepesi, upole, na ruhusa ya kujiamini. Huo ulikuwa ubora wa kweli. Lakini matoleo yake kuanzia miaka ya 1950, na kwa miaka mingi baadaye, yalishauri mtoto mchanga alazwe kifudifudi, kwa hofu kwamba akilala chali akitapika atapaliwa. Ushauri huo ulikuwa wa kawaida kwa madaktari wa wakati ule. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba kulala kifudifudi huongeza hatari ya vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Marekani ilianzisha kampeni ya kitaifa ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo hivyo vilipungua kwa takriban nusu. Fikiria sasa mzazi anayeokota toleo la zamani kwenye meza ya vitabu vya mitumba. Jina la mwandishi ni kubwa, lugha inatuliza, na ukurasa ule bado umo.

Kwa wasomaji wa Kiswahili mfano ulio karibu zaidi ni kitabu cha David Werner kinachojulikana kwetu kama Mahali Pasipo na Daktari. Kwanza kilitoka kwa Kihispania, kutokana na kazi yake katika vijiji vya milimani Mexico. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa vitabu bora vya fani vilivyowahi kuandikwa kwa mtu asiye mtaalamu: michoro myepesi, maneno ya kawaida, na maelezo ya dalili zipi zinataka mgonjwa akimbizwe hospitali bila kuchelewa. Sehemu za usafi, maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, na namna ya kumchunguza mgonjwa zina manufaa hadi leo. Kurasa za dawa ndizo za kuangaliwa kwa makini. Nakala za zamani zinataja klorokwini kama dawa ya malaria, ilhali vimelea vya malaria kali vimekuwa sugu kwa dawa hiyo katika sehemu kubwa ya dunia na nchi nyingi ziliiacha kwa ugonjwa huo zikahamia dawa mseto zenye atemisinini. Kitabu kilekile, basi, kina kurasa za kuaminiwa na kurasa za kuulizia kwanza kwa mhudumu wa afya.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachofungua ni ukurasa wa haki za uchapishaji. Tofautisha toleo na chapa. Toleo jipya maana yake, kwa kawaida, mwandishi amerudi kuyapitia maandishi. Chapa mpya yaweza kuwa maneno yaleyale yaliyopigwa chapa tena, na kitabu kikaonekana kipya dukani ilhali maarifa yake yana miaka ishirini. Kwa vitabu vilivyotafsiriwa tazama miaka miwili: mwaka wa tafsiri, na mwaka wa toleo la asili lililotafsiriwa. Tafsiri ya juzi inaweza kuwa imetokana na toleo la zamani sana, na kosa la namna hii halionekani kwenye jalada.

Kuna kundi jingine, vitabu vya wataalamu vilivyoandikwa kwa umma, na hapa nina kanuni moja ambayo imenisaidia sana. Kitabu huwa imara pale mwandishi anapoeleza kazi aliyoifanya mwenyewe, na hulegea anapopita kwenye kazi za wengine. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, katika kitabu chake cha 2011 kuhusu namna tunavyofikiri, ana nguvu kubwa anapoeleza utafiti wake na mwenzake Amos Tversky kuhusu maamuzi na hasara. Sura inayosimulia majaribio ya watu wengine, yaliyodai kwamba maneno au picha ndogondogo huelekeza tabia zetu bila sisi kujua, haikusimama vizuri. Majaribio kadhaa yaliporudiwa hayakutoa matokeo yaleyale, na mwaka 2017 Kahneman mwenyewe aliandika hadharani kwamba alikuwa ameziamini kupita kiasi tafiti zenye washiriki wachache. Nilizidi kumheshimu kwa hilo. Charles Darwin naye, katika kitabu chake cha 1859 kuhusu asili ya spishi, anaaminika kabisa anapozungumzia njiwa, aliowafuga na kuwachunguza mwenyewe, lakini anapofika kwenye urithi wa sifa hana maelezo ya kutosha. Kazi ya Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa sifa katika njegere, iliyokuwa na jibu, ilichapishwa 1866 na ikapuuzwa hadi mwaka 1900.

Mihadhara ya fizikia ya Richard Feynman, aliyoitoa mwaka 1961 hadi 1963, naitaja kwa ufupi tu. Hakuna kinachoeleza fizikia kwa uchangamfu kama hiyo. Lakini katika dibaji Feynman mwenyewe anaonyesha shaka kama iliwafaa wanafunzi wengi, na ukiisoma peke yake utafurahia kuelewa bila kuwa na uwezo wa kukokotoa. Weka pembeni kitabu cha maswali, na uyafanye.

Kabla ya kununua, mimi hufanya hivi. Natafuta kwenye faharasa jambo moja ninalolijua vizuri, nasoma kurasa zake, na kuona mwandishi analitendeaje. Akikosea pale ninapojua, sina sababu ya kumwamini pale nisipojua. Kitabu kinene cha rejea kisicho na faharasa nakirudisha, hata kikiwa na sifa gani, kwa sababu siku ya shida sitakipata ninachokitafuta ndani yake. Natazama kama mazoezi yana majibu. Naangalia pia kama kuna orodha ya masahihisho kwenye tovuti ya mwandishi au mchapishaji. Wasomaji wengine huiona orodha ndefu wakaogopa, ila kwangu ni dalili kwamba kuna mtu bado anakilea kitabu. Nikiipata, nachukua kalamu na kuyaandika masahihisho ndani ya nakala yangu kabla sijaanza kusoma, kosa kubwa kwanza. Na kwenye vitabu vya tiba na vya umeme wa majumbani, naandika ukurasa wa mbele mwaka wa toleo kwa tarakimu kubwa, pamoja na namba za kurasa ambazo kanuni zake zimebadilika, ili yeyote atakayekiazima azione kabla ya kufanya lolote.