"I remember to lock": sentensi iliyoniponza

Juzi kijana mmoja kaniandikia kutoka Mbeya. Anaomba kazi kwenye kampuni ya utalii, barua yake kaimalizia na "I look forward to meet you", rafiki yake akamcheka mbele za watu. Anauliza: kaka, kosa liko wapi, si nimeweka "to" kama tulivyofundishwa?

Mdogo wangu, umenitonesha kidonda. Wewe umechekwa tu. Mimi niliandikiwa barua ya onyo.

Mwaka 2016 nilikuwa mapokezi, zamu ya usiku, kwenye hoteli moja ya ufukweni Unguja. Asubuhi moja stoo ikakutwa wazi, taulo 12 hazipo. Meneja wetu, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo" na "asante sana", akataka kila aliyekuwa zamu aandike maelezo kwa Kiingereza. Swali lilikuwa moja: ulifunga? Nilifunga. Kufuli lile naliona hadi leo, la shaba, ufunguo wake unakwama mpaka uubembeleze. Nikaandika, tena kwa mwandiko wa kupendeza: "I remember to lock the store." Kichwani nilikuwa nasema nakumbuka kufunga, nakumbuka vizuri sana.

Meneja akasoma mengine. Alichoelewa ni kwamba mimi huwa sisahau kufunga. Yaani nimeulizwa habari za usiku ule, nikajibu habari za tabia yangu, kama mtu anayekwepa. Nilitakiwa kuandika "I remember locking the store". Taulo zilikuja kuonekana kwa dobi, lakini barua ilikuwa imeshaingia kwenye faili langu, na hakuna aliyejisumbua kuitoa.

Nilikaa muda mrefu nikijiona mjinga, hadi nilipogundua kwamba nilikuwa nafikiri kwa Kiswahili sawasawa kabisa. Sisi tuna "ku-" moja na tunaibebesha kila kitu. "Nataka kuimba." "Kuimba kwake kunanikera." Ni kuimba kule kule, ila hapo pa pili kumegeuka jina hadi kunadai upatanisho wake. Mwingereza mzigo huo kaugawa: "I want to sing", lakini "his singing annoys me". Maumbo haya peke yake hayasemi lini wala nani, na ndiyo maana yanatuchanganya. Tumezoea kitenzi kinachojitambulisha mlangoni: ni-li-funga, nani na lini vyote vimo.

Kwa vitenzi kama "remember", "forget" na "stop", shika hivi: "to" inatazama mbele, kazi bado, "-ing" inashika kilichokwisha kufanyika au kilichokuwa kinaendelea. "I stopped to eat", nilisimama ili nile. "I stopped eating", niliacha kula. Mmoja ndio kwanza anavuta sahani, mwenzake ameshaisukuma.

Usiibebe kanuni hiyo kila mahali, itakuangusha. "Enjoy", "avoid" na "finish" hutaka "-ing". "Hope", "decide" na "promise" hutaka "to". Hapo ni kukariri tu, hakuna hekima.

Sasa sentensi yako. Hiyo "to" ya "look forward to" si ya kitenzi. Ni kihusishi, ndugu yake ile ya "I am going to Moshi", na kinachokaa baada yake ni jina. Jaribu: "I look forward to the interview." Imekubali? Basi ukitaka kuweka kitenzi hapo, kivalishe "-ing": "to meeting you". Ndivyo ilivyo kwa "I am used to waking early", nimezoea kuamka mapema. Ukisema "I used to wake early" umesema zamani ulikuwa unaamka mapema, siku hizi hapana, na mwajiri atakuelewa hivyo hivyo.

Kuna mtego mwingine. Kwetu "nilipokuwa nikitembea kwenda ufukweni, mvua ilianza" haina shida, "ni-" imeshasema anayetembea ni mimi. Ukiandika "Walking to the beach, the rain started", umeitembeza mvua. Andika "Walking to the beach, I got caught in the rain."

Nisemeje tena? Andika daftari. Kila ukikutana na kitenzi, andika kinachokifuata. Vijana mnapakua orodha za kanuni 100 mnazihifadhi kwenye simu, hamzifungui. Mimi sikusoma chuo, nilinunua daftari la kurasa 96 na kunakili sentensi za wageni kutoka kwenye barua pepe zao. Leo barua za kampuni ninakofanya kazi haziondoki mpaka nizipitie mimi. Andika daftari, narudia.

Ile barua ya onyo ninayo bado. Inaanza na "I regret to inform you". Zamani nilidhani meneja alikuwa anajuta. Siku nilipoielewa "to" ndipo nikaona: anasikitika kwa habari anayotaka kunipa, basi. Kujutia alilokwisha kunitendea kungeandikwa "I regret accusing you", na barua yenye maneno hayo haijanifikia mpaka leo.