Mshale wa GPS unazunguka hovyo na namba hazilingani na ramani

Ndugu, nimekuelewa: ukisimama mshale wa kifaa chako cha GPS (kinachotumia setilaiti kujua mahali ulipo) unazunguka, na ukihamishia namba zake za mahali (latitudo na longitudo) kwenye ramani ya karatasi unajikuta pembeni kabisa. Usikimbilie kukirudisha dukani. Huenda kifaa ni kizima.

Kifaa kisicho na dira ya kielektroniki hujua uelekeo kwa mwendo wako tu. Tembea kidogo bila kusitasita, mshale utatulia. Kama dira imo, isawazishe kila unapobadilisha betri.

Namba ndizo zenye kazi. Soma pembezoni mwa ramani uone imechorwa kwa mfumo gani wa marejeo (datum), yaani msingi wa kupimia namba za mahali. Kwa kawaida GPS huja ikiwa kwenye mfumo uitwao WGS 84, na ramani za zamani mara nyingi zina mfumo mwingine. Tofauti yaweza kufika mamia ya mita. Badilisha mfumo kwenye mipangilio ya GPS ulingane na wa ramani. Angalia pia muundo wa kuandika namba, kama ni nyuzi na dakika au desimali: nyuzi 6 na dakika 30 ni 6.5, siyo 6.30! Hapa wengi hupotea.

Zoezi: nenda uwanja wazi, subiri setilaiti zisizopungua 4, hifadhi kwenye GPS alama ya ulipo, tembea huku na huku, kisha fuata mshale urudi kwenye alama hiyo. Kumbuka mshale huonyesha mstari ulionyooka tu, hata kama katikati kuna korongo.

Usiingie msituni na GPS pekee. Beba betri za akiba, ramani na dira ya sumaku. Ukilenga mlima mrefu au bahari, jifunze kwanza na mwongozaji mzoefu.