Kofia ya kroshia ya kufunga na kufungua kwenye jaketi: kwa nini inaacha mapengo shingoni?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina jaketi la jinzi la kola ya kukunja, halina kofia, na huku Njombe mwezi wa sita na wa saba huwezi kutoka asubuhi bila kufunika masikio. Nilifuma kofia kwa kroshia ya milimita 5 na uzi wa akriliki. Nilianza na mishono 70, nikaenda kwa hafu-dabo mistari 34 bila kuongeza wala kupunguza, nikakunja na kushona juu. Nikashona vifungo 4 shingoni mwa jaketi na kuvipitisha katikati ya mishono. Sasa chini pamelegea, kati ya kifungo na kifungo vidole vinaingia, juu kuna pembe, na nikitembea kofia inarudi nyuma. Nifumue yote? Na binti yangu wa miaka 5 anataka ya kwake. (Msomaji, Njombe)

JIBU: Nzuri, dada. Usifumue yote. Sehemu kubwa ya kazi yako ni nzima. Kilichoharibika ni pale kofia inapokutana na jaketi, na mistari minne ya juu. Watu wengi hupima kichwa wakasahau kwamba kofia ya namna hii hubebwa na shingo ya jaketi. Kitambaa cha jinzi hakivutiki, uzi wa akriliki unavutika. Ukiviunganisha bila kitu kigumu katikati, uzi ndio utakaoshindwa kila siku.

Kwanza tuelewane kuhusu majina, maana hapa ndipo wengi hupotea wakifuata maelekezo ya mitandaoni. Singo ninayoitaja ni hii: ingiza kroshia, vuta uzi, una vitanzi viwili, vuta uzi kupitia vyote viwili. Hafu-dabo: zungusha uzi mara moja kwenye kroshia, ingiza, vuta uzi, una vitanzi vitatu, vuta kupitia vyote vitatu kwa mara moja. Haya ni majina ya Kimarekani. Waingereza huiita singo hiyohiyo "dabo", kwa hiyo ukichanganya maelekezo ya pande mbili kofia itatoka ndefu kupita kiasi. Na katika kazi hii yote, mwanzoni mwa kila mstari unafuma cheni 1 ya kugeuza (cheni ni kitanzi kimoja kilichovutwa kupitia kitanzi kilichopo kwenye kroshia), haihesabiwi, na mshono wa kwanza unaingia kwenye mshono wa kwanza kabisa. Anayeihesabu mstari huu na asiihesabu mstari ujao hupoteza mishono pembeni bila kujua.

Chukua futi kamba uhakikishe vipimo vyako. Kwa uzi wa unene wa kati (gramu 100 zikiwa na takriban mita 200) na kroshia ya milimita 5, mishono 14 ya hafu-dabo hutoa sentimita 10 kwa upana, na mistari 10 hutoa sentimita 10 kwa kimo. Singo hutoa mishono 14 na mistari 16. Fuma kipande cha mraba cha sentimita 12 na upime sentimita 10 za katikati, usipime kwenye kingo. Ukipata mishono 15 au 16, mkono wako unakaza, ongeza ukubwa wa kroshia nusu milimita. Ukipata 12 au 13, punguza.

Sasa pima jaketi. Livae, fungua kola isimame, pima kwenye mshono wa shingo, pale kola inaposhonewa mwilini, kutoka ukingo hadi ukingo. Nitachukulia sentimita 48. Kisha pima kimo: futi kamba ianzie kwenye mshono huo mbele, kama sentimita 3 kutoka ukingoni, ipite juu ya kichwa na kushuka hadi upande wa pili. Kama husuka rasta au hufunga nywele kwa juu, pima zikiwa hivyohivyo. Inamisha kichwa ukitazama viatu: futi kamba itadai nyongeza ya sentimita 2 au 3. Jumlisha nyongeza hiyo kisha gawa kwa mbili. Kwa mtu mzima mara nyingi ni sentimita 34 hadi 36.

Tuje kwenye mapengo. Vifungo 4 kwenye shingo ya sentimita 48 vinakaa mbali mno, na kwa kuwa idadi yake ni shufwa, hakuna hata kimoja katikati ya mgongo, mahali ambapo uzito wote unaning'inia ukiiachia kofia nyuma. Halafu umevipitisha katikati ya mishono ya hafu-dabo. Hafu-dabo ina uwazi, kifungo kinapita, lakini kila kinapopita kinaupanua uwazi ule na haurudi. Hapo unahitaji mkanda wa singo wenye vitundu vilivyofumwa kwa ajili hiyo, na vifungo 7.

Kwa kofia uliyonayo, unganisha uzi kwenye ukingo wa chini, upande wa nje ukikutazama. Mishono yako ni 70, yaani sentimita 50, nayo inazidi shingo ya jaketi. Mstari wa kwanza wa mkanda: fuma singo 5, kisha unganisha mishono miwili kuwa mmoja (vuta kitanzi kwenye kila mmoja bila kuumaliza, halafu vuta uzi kupitia vitanzi vyote kwa pamoja), rudia mara 10. Utabaki na mishono 60, karibu sentimita 43. Mstari wa pili, singo 60. Mstari wa tatu ndio wa vitundu: singo 2, kisha (cheni 2, ruka mishono 2, singo 7) mara 6, halafu cheni 2, ruka mishono 2, singo 2. Hesabu: vitundu 7, na cha nne kiko katikati kabisa. Mstari wa nne, singo 60, ukiweka singo 2 ndani ya kila kitundu, chini ya cheni zenyewe, usizitoboe. Mstari wa tano, singo 60. Malizia kwa mstari wa mshono wa kuteleza, yaani unaingiza kroshia na kuuvuta uzi moja kwa moja hadi nje ya kitanzi kilichopo, bila kukaza sana. Huo ndio unaouzuia ukingo kunyooka kama mpira uliochoka.

Upande wa ndani shonea utepe wa pamba, ule usiovutika, wenye upana wa sentimita 1, juu tu ya vitundu. Tumia sindano na uzi wa kawaida wa kushonea. Bila utepe, mkanda wa akriliki utarefuka kidogo kidogo kwa matumizi, na mapengo yatarudi hata ukiwa na vifungo 7.

Nunua vifungo vya milimita 15. Vidogo zaidi vitachomoka, vikubwa zaidi vitapanua vitundu. Jaribu kimoja kabla ya kuvinunua vyote: kipite kwa kusukumwa kwa kidole gumba, kisipite chenyewe.

Kuvishona kunataka utulivu. Vinakaa nje ya jaketi, chini ya kola, kwenye mshono wa shingo au milimita chache chini yake, ili ukivua kofia kola ivifunike. Usivishone ndani ya shingo, vitakuchuna. Anza na cha katikati ya mgongo, kisha nenda kulia na kushoto, kila kimoja sentimita 6.5 kutoka kingine. Kipimo cha mkanda ni sentimita 6.4, kwa hiyo utavutika kidogo sana na kulala bila mawimbi. Kabla ya kushona, bandika mkanda kwa pini na uweke alama ya chaki kupitia kila kitundu. Macho hudanganya kwenye mviringo wa kola.

Mkanda una unene wa milimita 4 hivi. Kifungo kikishonwa kikabanwa kwenye jinzi, mkanda hauna pa kukaa, utakunjamana kukizunguka. Laza njiti mbili za kiberiti juu ya kifungo, shona uzi ukipita juu yake mara 5 au 6, kisha zichomoe, vuta kifungo juu, na uzungushe uzi chini yake mara 6 kabla ya kufunga fundo. Kifungo kitasimama kwenye kashingo kadogo. Ndani ya jaketi, nyuma ya kila kifungo, weka kifungo kidogo cha shati na ushone vyote viwili kwa pamoja. Kofia ikinaswa kwenye kitasa cha mlango, ni afadhali uzi ukatike kuliko jinzi kuchanika.

Pembe ya juu na kofia kurudi nyuma ni ugonjwa mmoja. Ukikunja mstatili na kuushona juu, kona inayobaki haina kichwa ndani yake. Inaning'inia nyuma ya kisogo na kuivuta kofia yote. Fumua mshono wa juu, kisha fumua mistari minne ya mwisho, ubaki na mistari 30. Weka pini katikati, kati ya mshono wa 35 na wa 36. Mstari wa 31: hafu-dabo 33, unganisha miwili, unganisha miwili, hafu-dabo 33, unabaki na 68. Mstari wa 32 anza na 32, wa 33 na 31, wa 34 na 30, kila mmoja ukiwa na miunganisho miwili ileile katikati. Unamaliza na mishono 62. Kunja upande wa nje uwe ndani, 31 kwa 31, na uunganishe kwa mshono wa kuteleza ukishika uzi wa nyuma tu wa kila mshono. Ukishika nyuzi zote mbili utapata tuta linalokwaruza utosi.

Kisha ukingo wa uso, ambao kwako haupo, nao unachangia kofia kuteleza. Anza juu ya mkanda wa vifungo, usiupitishe ukingo kwenye mkanda wenyewe. Fuma singo kwenye ubavu wa mistari kwa mpango huu: 1, 2, 1, 2, 1, yaani singo 7 kwa kila mistari 5. Kila upande utapata karibu 48, jumla 96. Ukiweka 2 kila mstari ukingo utafanya mawimbi kama lasi. Ukiweka 1 kila mstari utabana na kuikunja kofia machoni. Fuma mistari miwili ya singo, inatosha.

Ukija kufuma nyingine kuanzia mwanzo, nunua madonge mawili ya gramu 100 yenye namba moja ya loti (kundi lililotiwa rangi pamoja) kwenye lebo, kwa sababu rangi hutofautiana kati ya loti na loti. Utatumia karibu moja na nusu. Anza na mkanda: cheni 61, singo 60 kuanzia cheni ya pili kutoka kwenye kroshia, mistari 5, vitundu kwenye wa tatu. Ingia hafu-dabo, na kwenye mistari ya 2, 4, 6, 8 na 10 ongeza mishono miwili katikati: weka 2 ndani ya mshono ulio upande huu wa katikati na 2 ndani ya ule wa upande wa pili. Unafika 70. Nenda bila kuongeza hadi mstari wa 30, kisha punguza kama nilivyoeleza. Njia hii ni bora kuliko mstatili, kwa sababu upana unakuja kwenye kisogo unakohitajika, na shingoni hakuna kujikunja.

Kuna watakaokushauri velkro au zipu. Velkro kataa kabisa: ile sehemu yake ngumu hung'ata uzi na nywele. Zipu inawezekana, ila haivutiki, na ikishonewa bila utepe hufanya mawimbi. Vifungo vya chuma vya kubana ni vizuri vikishonewa kwenye utepe wa pamba. Vikitobolewa moja kwa moja kwenye kazi ya kroshia vitachomoka na mishono yake. Na kwa jaketi la ngozi au lisilopitisha maji, usitoboe nje hata kidogo. Tundu la sindano kwenye ngozi halifutiki, na kwenye jaketi la mvua ni mlango wa maji. Shonea kwenye kitambaa cha ndani ya kola.

Kwa binti, pima jaketi lake. Shingo ikiwa karibu na sentimita 38, mishono 48 inafaa: singo 2, (cheni 2, ruka 2, singo 5) mara 6, cheni 2, ruka 2, singo 2. Ongeza katikati mara 6 badala ya 5, ufike 60, kisha nenda kwa kimo chake. Vifungo hapa vikae sentimita 5 kimoja kutoka kingine. Kwa mtoto chagua vile vya kubana vya plastiki, vinavyoachia vyenyewe vikivutwa (ukitumia hivyo, mstari wa vitundu ufume singo 48 tu), na usiweke kamba ya kufunga kidevuni hata akiililia. Kamba hunasa kwenye bembea au mlango ikamkaba. Kiwango cha Ulaya cha EN 14682 kinakataza kamba kwenye kofia na shingo za nguo za watoto walio chini ya miaka 7.

Unapofua, vua kofia kwanza, tumia maji ya uvuguvugu, kamua kwa kuibana ndani ya taulo bila kuisokota. Ianike ikiwa imelazwa, maana ukiining'iniza kwenye kamba ikiwa mbichi, uzito wa maji utaurefusha mkanda. Pasi ya moto isiiguse. Akriliki ikishapata joto la pasi hulegea na kulala, na hakuna kufua kutakakoirudisha.