Naungama dhambi ileile kila mara, nirudi tena?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu mama. Mi ni dereva wa bodaboda, nina mke na watoto wawili. Tatizo langu ni kubeti. Nimeungama mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu, nikitoka pale nakaa wiki mbili safi kabisa halafu siku moja naweka mkeka na hela ya hesabu ya bosi inaenda yote. Mara ya mwisho padri aliniambia "wewe tena?" nikaona aibu sana, tangu Pasaka ya mwaka juzi sijarudi na Komunyo sipokei, watu wakipanga foleni mi nabaki benchi la nyuma nashika simu kama nasoma meseji. Naona nikirudi na dhambi ileile ni kumdhihaki Mungu. Nifanyeje?

JIBU: Milele amina mdogo wangu. Nimeisoma meseji yako mara tatu, na pale kwenye simu nilitulia kwanza, manake wapo wengi wanaokaa hivyohivyo benchi la nyuma na hakuna anayewauliza.

Kuna mtakatifu anaitwa Alfonso Maria de Liguori, mtu wa Napoli kule Italia, alizaliwa 1696, akapata udaktari wa sheria akiwa na miaka 16 tu, akawa wakili wa kutegemewa mpaka 1723 alipoanguka kesi kubwa kwa sababu kuna hati moja aliipitia vibaya, akaona aibu mbele ya mahakama nzima na uwakili akauacha moja kwa moja. 1726 akawa padri, 1732 pale Scala akaanzisha Shirika la Mkombozi Mtakatifu Sana kwa ajili ya watu kama wale wachunga mbuzi wa milimani, ambao walikuwa hawana wa kuwafundisha.

Sasa zama hizo kulikuwa na mapadri wakali wenye mawazo ya Wajanseni, kundi la Wakatoliki la msimamo mkali, kwao mtu anayerudia dhambi alikuwa anaweza kunyimwa maondoleo muda mrefu hadi aonekane amebadilika, na Komunyo ndio usiseme. Alfonso mwenyewe alifundishwa kwa vitabu vya ukali huohuo, lakini alipokaa na watu kwenye maungamo akaona ukali ule unawakatisha tamaa tu, wanaondoka jumla. Akaandika kitabu kikubwa cha maadili kilichotoka 1748, na waungamishi akawaambia wana kazi nne pale kitini: baba, daktari, mwalimu, hakimu. Baba kamtaja wa kwanza, hakimu wa mwisho. Yule aliyekuambia "wewe tena?" siku ile alianzia mwisho, msamehe, padri naye huchoka, ila maneno yake usiyafanye ndio jibu la Mungu kwako.

Lakini usidhani Alfonso alikuwa anapitisha tu kila kitu. Kama daktari alitaka muungamishi aulize ugonjwa umeanzia wapi. Anayeanguka kwa udhaifu na anajuta kweli, huyo asali na arudi mapema, asikae na kidonda, ila anayeng'ang'ania nafasi ya dhambi na hataki kuiachia, hapo alikuwa hacheki naye. Wewe ukitoka kuungama ile programu ya kubeti si inabaki kwenye simu? Hela ya hesabu si inakaa kwenye laini hiyohiyo unayobetia? Basi hapo ndipo panapovuja. Ifute kabla hujaenda, hela mpe mkeo kila jioni akutunzie, kijiweni wakianza kuchambua mechi washa pikipiki utafute abiria, na ile ya bosi iliyopotea mlipe kidogokidogo, hiyo ni haki yake.

Kuhusu kumdhihaki Mungu, kumdhihaki ni kuungama huku umeshapanga mkeka wa Jumapili. Kuogopa kwamba utaanguka tena sio kupanga. Alfonso wasiwasi wa dhamiri ulimtesa yeye mwenyewe hadi uzeeni, tena ndiye ambaye Kanisa lilimfanya msimamizi wa waungamishi mwaka 1950. Kila siku kwenye sala ya kutubu tunasali "naomba neema yako nipate kurudi", yaani hata kule kurudi kwenyewe tunaomba neema.

Jumamosi hii nenda. Kama unamwonea aibu padri wako nenda parokia ya jirani, inaruhusiwa kabisa, na ukikosa pa kuanzia mwambie tu: "Padri, ni miaka miwili sijaungama, ni kubeti, na programu nimeifuta leo asubuhi."