Muulize Fundi: Mguu wa kiti umekatika kwenye kona

SWALI: Fundi shikamoo. Nimejichorea kiti mwenyewe, miguu imepinda kama ya swala anayetaka kuruka, kila mguu nimeukata kwenye ubao mmoja wa unene wa sentimita 4 nikapiga msasa mpaka ukawa laini kama yai. Siku ya kwanza kukikalia tu, mguu wa nyuma umekatika palepale kwenye kona. Na mbao yenyewe ni ngumu kabisa! Niongeze unene?

JIBU: Marahaba. Hicho kipande usikitupe, kichukue uangalie palipokatika. Kama pamekatika safi kama biskuti, hakuna nyuzi ndefu zilizochomoza, basi ugonjwa wenyewe ndo huo. Mti ni nyuzi zimelala kwa urefu na zenyewe kwa zenyewe zinashikana kidogo tu, ndo maana gogo unalipasua kwa pigo moja la shoka ila kulikata kwa kukingama linakutoa jasho. Sasa ulivyochora kona kwenye ubao ulionyooka, nyuzi hazikukata kona na wewe, zimeenda zao moja kwa moja zikatokea pembeni, kwa hiyo pale kwenye kona umebakiwa na vipande vifupivifupi vilivyoshikana ubavu kwa ubavu. Ukiongeza unene itasaidia kidogo lakini umbo utaliua, na mi sitaki uliue, ni zuri.

Zipindishe nyuzi zenyewe. Pasua mbao kavu iwe vipande vyembamba vya milimita 2 au 3, tengeneza kalibu yenye umbo la mguu, paka gundi kila kipande, vibane kwa klampu nyingi kadiri unavyozipata na uziache mpaka kesho yake. Ukifungua, mguu utajinyoosha kidogo, kwa hiyo kalibu ipinde zaidi ya mchoro. Ukitaka mti mzima usio na viungo kuna kuulainisha kwa mvuke, fundi samani Mjerumani Michael Thonet aliutumia kwenye kile kiti chake namba 14 cha mwaka 1859 na bado watu wanakikalia, makadirio ni kama saa moja ya mvuke kwa kila milimita 25 za unene, ila ukishautoa una dakika chache sana za kuupinda kabla haujakaza, na mwanzoni utavunja vingi, usikate tamaa. Wewe anza na gundi.

Kabla hujakata chochote, chora kiti kwa ukubwa wake halisi kwenye kadibodi, kalio liwe kama sentimita 45 kutoka chini, simamisha ukutani ukitazame siku mbili tatu. Jicho linaona mambo ambayo penseli haikuyaona.

Na hiyo miguu mitatu iliyobaki imekatwa vilevile, kwa hiyo kiondoe hicho kiti sebuleni leoleo kabla mtu hajakikalia.